Panya mzee na wageni wake: dalili, chanzo na la kufanya

Panya wa kufuga huishi miaka 2 hadi 3. Ndiyo maana anayefuga kundi dogo hujikuta siku moja amebakiwa na panya mmoja tu, ameshavuka miezi 18 au 20, wenzake wote wameshakufa. Na panya si mnyama wa upweke. Hulala wamelaliana, husafishana manyoya pale ambapo mwenyewe hafiki, na saa zake za shughuli ni usiku, wakati sisi tumelala. Upendo wa mwenye nyumba, hata uwe mwingi kiasi gani, hauzijazi saa hizo. Kumtafutia wenzake ni haki yake.

Tabu huanza pale wageni wanapofika na mambo yakaenda mrama, na mwenye panya asijue kama anachokiona ni kupimana nguvu kwa kawaida au ni vita kamili. Mwongozo huu unakwenda dalili kwa dalili. Ila nitangulize jambo moja: kelele huwatisha watu kupita kiasi, na ukimya huwapita bila kuonekana. Panya wazee wengi wanaoumizwa na kukutanishwa vibaya na wageni hawaumizwi na meno. Wanaumizwa na kukosa chakula, kukosa usingizi, na kuishi na hofu kimyakimya hadi mwili unaposhindwa. Kwa hiyo kila unapochanganyikiwa, achana kwanza na yule anayefanya fujo. Mtazame mzee.

Kabla ya kulaumu tabia

Matatizo mengi yanayoonekana kama chuki yalipandwa kabla panya hawajaonana.

Hakikisha jinsia kwa macho yako, hata kama aliyekupa wageni amekuapia. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 4 au 5, anaweza kushika mimba akiwa na wiki 5 au 6 tu, na hubeba mimba siku 21 hadi 23. Dume aliyehasiwa naye hubaki na mbegu kwa muda baada ya upasuaji. Mpe angalau wiki 4 kabla ya kumweka na majike. Jike mzee akishika mimba bila kutarajiwa, hatari ni ya maisha yake.

Leta wageni wawili, usilete mmoja. Mtoto wa panya anataka kucheza mieleka mchana na usiku, na mzee hana nguvu hizo. Wakiwa wawili, nusu kubwa ya fujo wanamalizana wenyewe. Isitoshe, mzee atakapokufa hutabaki tena na panya mmoja mpweke.

Umri wao pia una maana. Kitoto cha chini ya wiki 6 usikikutanishe na dume mkubwa usiyemjua vizuri, kwani dume anaweza kumuua. Na pima nafasi kati ya nondo za kizimba: mtoto hupenya mahali ambapo mzee hapitishi hata kichwa. Nafasi ya zaidi ya sentimita 1.25 ni kubwa mno kwa watoto. Panya wa porini usimchukue kabisa kuwa mwenzi. Hubeba magonjwa kama leptospirosi yanayowapata panya wako na wewe pia.

Halafu mpime mzee uzito kabla wageni hawajafika. Mizani ya jikoni inatosha. Majike wengi wazima huwa na gramu 250 hadi 450, madume 450 hadi 650, lakini wastani wa watu wengine hautakusaidia. Unahitaji namba ya huyu wako, iliyoandikwa mahali, kwa sababu baadaye ndiyo itakayokuambia ukweli.

Wanapiga kelele na kubingirishana, lakini hakuna jeraha

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu wakate tamaa mapema, na mara nyingi si tatizo.

Tazama mdomo unaelekea wapi. Panya wanaocheza hulenga kisogo: mmoja anajaribu kuingiza pua yake kwenye manyoya ya nyuma ya shingo ya mwenzake, na mwenzake anajipindua chali kuilinda. Panya wanaopigana kweli hulenga nyuma, yaani kiunoni, mapajani na ubavuni. Ukishajifunza kuitofautisha shabaha hiyo, utaacha kuruka kila unaposikia ukelele.

Mzee naye ana namna yake ya kumfunza mgeni adabu. Anamkandamiza mtoto kwa mikono miwili, anamlaza chini, na kuanza kumsafisha shingo kwa meno madogomadogo, kwa nguvu na bila kuombwa. Mtoto analia kama anachunwa ngozi. Ukimkagua baadaye hutakuta hata mkwaruzo. Kisha angalia kinachofuata, maana hapo ndipo jibu lilipo: mtoto akiachiliwa anajikung'uta, anatembea hatua mbili tatu, halafu anarudi mwenyewe kumnusa yuleyule aliyemliza. Panya aliyeumizwa harudi.

Chanzo cha yote haya ni kupanga nani mkubwa, na ni lazima wapange. Ukiwatenganisha kila mara kabla hawajafikia muafaka, kesho wataanzia palepale. Kaa karibu, taulo ikiwa mapajani, na uwaache. Mimi hujizuia kwa kuangalia manyoya yao badala ya kusikiliza sauti.

Sauti zenyewe ni ushahidi nusu tu. Sikio la binadamu huishia takriban kilohezi 20, kipimo cha wembamba wa sauti. Milio ya panya anayefurahia mchezo iko kwenye kilohezi 50 hivi, na ule wa hofu na tahadhari uko karibu na 22. Unachokisikia ni kipande kidogo cha mazungumzo yao. Mwili ndio unaoonekana wote.

Manyoya yamesimama na anatembea kiubavu

Hapa sasa ndipo pa kuwa makini. Manyoya huanza kusimama kiunoni, yanapanda mgongo taratibu hadi panya anaonekana mpana kuliko alivyo. Mgongo unajikunja, kichwa kinashuka, na badala ya kumkabili mwenzake uso kwa uso anamgeuzia ubavu na kumsogelea kwa hatua fupi za pembeni. Ncha ya mkia inatetemeka au mkia wote unachapa sakafu. Wengine hutoa pumzi ya ghafla puani, fyuu, fyuu.

Hali hiyo ikimjia mzee kwa dakika chache za mwanzo kisha manyoya yakalala, si ya kutisha. Ameshtuka na harufu ngeni. Ikidumu, na hasa akianza kumfuata mgeni kona hadi kona bila kumpa nafasi ya kupumua, sitisha mkutano kabla ya kung'atana. Kumbukumbu mbaya ya mara ya kwanza ni ngumu kuifuta.

Vyanzo viko vitatu vya kufikiria. Cha kwanza ni mahali: panya anayekutanishwa na mgeni kwenye ardhi aliyoikojolea miezi mingi ana kitu cha kulinda. Jaribu tena kesho, sehemu ambayo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga. Cha pili ni homoni. Madume hupanda ukali zaidi kati ya miezi 4 na 10, kwa hiyo mara nyingi anayehitaji kuhasiwa si mzee bali ni yule kijana mgeni. Kuhasi husaidia sana, lakini homoni huchukua wiki kadhaa kushuka, na kumlaza mzee kwa dawa ya usingizi ni uamuzi wa kuupima na daktari wa wanyama anayejua panya. Cha tatu ni hofu ya panya asiyeona au asiyesikia vizuri. Nitairudia chini.

Watu wengine huwapaka wote manukato ili wanukie sawa. Siungi mkono. Harufu kali inachoma mapafu ambayo kwa mzee tayari ni dhaifu, na ikiisha kukauka, ugomvi uko palepale. Kubadilishana matandiko ya vizimba kwa siku kadhaa kabla ya kukutana kunafanya kazi hiyo kwa njia salama.

Kuna damu

Watenganishe kwa taulo nene, sinia au kipande cha ubao. Piga makofi mara moja kwa nguvu kuwashtua. Usiingize mkono mtupu; panya aliye katikati ya vita hachagui cha kung'ata, na meno yake ya mbele yanafika mfupani.

Mweke kila mmoja peke yake na umkague kwa utulivu, ukipuliza manyoya yagawanyike. Anza kiunoni, ubavuni, tumboni, chini ya mkia, na kwa madume usisahau korodani. Mkwaruzo wa juu juu husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na hupona haraka. Tundu dogo lenye kina ndilo la kuogopa zaidi kuliko mchano mrefu, kwa sababu linajifunga juu huku uchafu ukibaki ndani, na siku chache baadaye unakuta uvimbe wenye usaha. Papasa mahali pale kila siku. Jeraha lililoachama, jeraha la tumboni, au panya aliyepooza baada ya ugomvi, hayo ni ya daktari siku hiyohiyo.

Kama majeraha yako kwenye vidole au ncha ya mkia tu, na panya hata hawajawekwa pamoja, chanzo ni vizimba viwili vilivyobanana. Wananusana kupitia nondo, mmoja anachungulia kidole cha mwenzake, na hana njia nyingine ya kumaliza hasira yake. Acha upana wa kiganja au zaidi kati ya vizimba.

Jeraha moja dogo halimaanishi kwamba hawatapatana kamwe. Panya yuleyule aking'ata kwa kina zaidi ya mara moja, hasa bila kutoa onyo lolote la manyoya wala mkia, huyo mwache. Usimtafutie udhuru.

Mzee amenyamaza

Nitakaa hapa muda mrefu zaidi, kwa sababu dalili hii haina mlio. Hakuna ugomvi. Wageni wanakula, wanacheza, na kila anayepita anasema wamepatana. Mzee amekaa kona ya juu au nyuma ya chombo cha maji, mgongo umejikunja, manyoya yametimka bila mpangilio, macho yamefumba nusu. Halali na wenzake. Chakula kikiwekwa anainua kichwa, anasita, anashusha tena.

Angalia macho na pua. Ute mwekundu unaokauka kuzunguka macho si damu; hutoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na huongezeka panya anapokuwa na msongo au maradhi. Mzee huwa nao kidogo hata akiwa mzima, kwa kuwa hajisafishi kama zamani, kwa hiyo linganisha na alivyokuwa kabla. Ufute kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu na uone unarudi baada ya muda gani.

Kisha mpime uzito. Katika wiki 2 za mwanzo pima kila siku, saa ileile. Mzee wa gramu 500 akifika 450, ameshapoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na kwa mnyama wa umri huo hilo si jambo la kungoja Jumatatu.

Swali ni kama kinachomdhoofisha ni wageni au ni mwili wake mwenyewe, na kuna njia rahisi ya kujua. Mtoe, mweke peke yake kwenye sanduku lenye kitambaa chake cha zamani, mahali patulivu, na umpe chakula laini anachokipenda: yai lililochemshwa, au chakula chake cha kawaida kilicholowekwa maji. Mpe nusu saa bila kumwangalia usoni. Akikila kwa hamu, tatizo liko kizimbani. Asipokigusa hata hapo, wageni hawana kosa; mpeleke kwa daktari. Meno yaliyokua kupita kiasi, uvimbe, figo na mapafu yote hujitokeza kwa kukosa hamu ya kula, na mara nyingi msukosuko wa wageni huleta juu ugonjwa uliokuwepo siku nyingi.

Kama jibu ni kizimba, tafuta anachonyimwa. Je, chakula kiko kwenye bakuli moja? Mmoja wa vijana anaweza kulilinda bila hata kupigana, kwa kukaa tu mbele yake. Kitawanye sakafuni, kwenye matandiko, ili hakuna anayeweza kukaa juu ya chote. Je, chupa ya maji ni moja, na iko ghorofani? Weka ya pili chini. Je, kitanda chake cha kuning'inia kimetekwa? Ning'iniza vingine viwili, kimoja karibu kabisa na sakafu. Na kila kijumba kiwe na mlango zaidi ya mmoja au mdomo mpana. Kijumba chenye tundu moja ni mtego: kijana anaketi mlangoni, mzee anashinda ndani na kiu yake.

Baada ya hapo mtoe mara moja kwa siku akale mlo kamili peke yake, huku ukiendelea na mizani. Uzito ukisimama, mko njiani. Ukiendelea kushuka licha ya yote, rudi kwenye daktari.

Wadogo hawampi mzee nafasi

Wanamrukia mgongoni, wanapita juu ya kichwa chake akiwa amelala, wanamnyang'anya chakula mdomoni. Hakuna ubaya wowote ndani yao, ni watoto. Mchezo wa mieleka kwa panya hupanda sana kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, na unaendelea kwa wiki nyingi baada ya hapo. Mzee hujibu kwa mlio mrefu, anasukuma kwa mguu wa nyuma, au anasimama wima akiwa amenyoosha mikono mbele.

Tofautisha anayekataa na anayeshindwa. Anayekataa anatoa onyo, mtoto anaondoka, kimya kinarudi. Anayeshindwa anatoa onyo na hakuna anayelisikia.

Niliwahi kuishi na dume mzee ambaye miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kulegea, kama inavyowatokea wengi wa umri wake. Wageni wawili wakimjia kwa mbele alikuwa mwema kabisa: aliwanusa, akawalamba masikio, akawaacha wapite chini ya kidevu chake. Mmoja akimgusa kwa nyuma, alipiga ukelele na kung'ata hewa. Ungedhani ni panya wawili tofauti. Kumbe miguu ile haikumruhusu kugeuka kwa wakati aone ni nani. Nilimwekea kijumba kifupi, kilichoegemea kona, chenye mdomo mpana upande wa mbele na ukuta mzima nyuma. Akawa anaketi humo kama mzee wa barazani, na kila aliyetaka kumwamkia ilibidi aje kwa mbele. Zile kelele zikapungua sana.

Kwa jumla, mzee wa namna hii anahitaji kizimba kinachowapa vijana urefu na kumpa yeye sakafu. Weka kamba, matawi na vitanda vya juu kwa ajili yao, na chini kuwe tambarare, laini, bila ngazi kali. Watoe vijana wakacheze wachoke kabla ya kuwaunganisha naye. Na hakuna ubaya kumpa mzee saa kadhaa za mchana za kulala peke yake, mradi zisigeuke siku nzima nzima, kwani mtengano mrefu huwarudisha kwenye ugeni.

Nje wanaelewana, kizimbani wanapigana

Hii ni dalili iliyo wazi kuliko zote, na chanzo chake ni kimoja: kizimba ni cha mzee. Kitandani au mezani walikutana kama wapita njia. Hapa wageni wameingia chumbani kwake.

Dawa ni kukiondolea kizimba umiliki. Kioshe chote, nondo na sakafu, tupa matandiko, badilisha vitambaa, hamisha kila chombo mahali pake. Hata hivyo kukiosha peke yake hakutoshi kwa dume mkali, na hapo napendelea kuanzia padogo. Chukua sanduku la kubebea au kizimba kidogo ambacho hakuna anayekijua, kisicho na kijumba wala ghorofa, weka matandiko tele na chakula kimetawanywa, uwaingize wote kwa pamoja. Padogo hapana pa kulinda, hapana pa kufukuziana, na uchovu unawalaza pamoja. Wakishalala wamegusana na kuamka bila ugomvi, hapo ndipo pa kuongeza nafasi, kidogo kidogo: kizimba cha kati, kisha kile kikubwa kikiwa kitupu, kisha kijumba kimoja, kisha kingine. Kila hatua ikileta manyoya kusimama, rudi nyuma hatua moja.

Kwa mzee mwenye tatizo la kupumua usitumie sanduku lililobana. Hewa inachafuka haraka, joto linapanda, naye hana pa kusogea. Mtumie sakafu ya bafu yenye taulo, au kitanda, na vikao vifupi vingi.

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni haraka ya kurudisha samani zote siku ya kwanza walipolala pamoja.

Chafya, kukoroma na kujikuna baada ya wageni kufika

Panya aliyehamia nyumba mpya huweza kupiga chafya siku chache kwa vumbi la matandiko au harufu ngeni. Hiyo hupungua yenyewe. Anayekuhusu zaidi ni mzee aliyekuwa mzima na sasa anapiga chafya.

Panya wengi wa kufuga hubeba bakteria wa Mycoplasma pulmonis tangu utotoni, na huishi nao bila shida hadi kitu kinapowaamsha: msongo, virusi kutoka kwa mgeni, au amonia ya mkojo kwenye kizimba ambacho sasa kina panya watatu na bado kinasafishwa kwa ratiba ya mmoja. Mweke mzee karibu na sikio lako na usikilize kifua. Mlio wa kukwaruza, kukoroma, au ubavu unaovutika ndani kila anapovuta pumzi, ni kwa daktari leo. Shingo iliyovimba chini ya taya pamoja na macho mekundu inaelekeza kwenye virusi vinavyoshambulia tezi za mate na machozi, navyo husambaa kwa kasi kundi zima. Usilete panya mwingine wala usimpeleke wako popote mpaka yaishe.

Vidonda vidogo vya kujikuna mabegani na shingoni mara nyingi ni chawa au utitiri. Tibu wote siku moja, pamoja na mzee asiyejikuna, na ubadilishe vitu vyote vya kitambaa.

Kinga ya haya yote ni karantini. Wageni wakae wiki 2 au 3 mbali na mzee, na mbali maana yake hewa tofauti. Kizimba kwenye kona ya pili ya chumba kilekile si karantini. Hudumia mzee kwanza, wageni mwisho, kisha nawa na ubadili nguo.

Walishapatana, na ghafla amani imevunjika

Wiki zimepita, walikuwa wakilala pamoja, leo wanapigana. Kabla ya kumshuku mzee, hesabu umri wa vijana. Madume walioingia wakiwa watoto wanafika miezi 4 au 5 na wanagundua kwamba yule waliyemnyenyekea sasa ni mwepesi kuliko wao. Wanaanza kumpima. Kwa kawaida mzee anaachia ngazi bila damu, na kazi yako ni kutomsaidia kushikilia cheo ambacho mwili wake hauwezi kukilinda. Ukimkuta amelazwa chali, halii, na baadaye wanasafishana, mamlaka yamebadilika mikono, yamekwisha. Ukimkuta anafukuzwa, amekonda na ana majeraha kiunoni, kijana huyo ndiye wa kuhasiwa au kutengwa.

Kama aliyebadilika ni mzee, tafuta maumivu. Panya mpole anayeanza kung'ata hewani, anayeshtuka akiguswa, mara nyingi anaumwa mahali. Papasa kwapani na kwenye nyonga. Vivimbe vya matiti ni vya kawaida sana kwa majike wazee, na hutokea hata kwa madume. Mwangalie anavyoshika chakula: akishindwa kukishika kwa mikono miwili, akijikwaa, akisukuma kichwa mbele au kuzungukazunguka, daktari anahitaji kufikiria uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, maana panya wazee huupata. Na jaribu macho na masikio yake. Mzee asiyeona hujilinda vizuri kwa harufu na sharubu mradi vitu havihamishwi. Ukipanga upya kizimba chake kila wiki unamfanya awe mgeni kwake mwenyewe kila wiki.

Pale ambapo haiwezekani

Wapo wazee wachache wasiokubali, na wapo ambao afya yao haiwezi kuubeba msukosuko huu. Kama mzee anapumua kwa shida, au daktari amekuambia zimebaki wiki chache, sioni sababu ya kumlazimisha. Kama kila kikao kinaishia kwa kung'atwa licha ya kubadili mahali, kuanza padogo na kuhasi, acha.

Kuacha si kumrudisha kwenye upweke. Vizimba viwili katika chumba kimoja, vimeachana upana wa kiganja, vinampa sauti, harufu na mwendo wa panya wenzake usiku kucha. Katika vijana wawili huwa yupo mmoja mtulivu zaidi. Jaribu kumkutanisha na huyo peke yake, nusu saa jioni, juu ya kitanda, wakila kwenye sahani moja pana. Wapo wazee wanaovumilia kijana mmoja ingawa hawawezi wawili. Jike mtulivu, kwa dume aliyehasiwa, mara nyingi hupokelewa pale ambapo dume mwenzake amekataliwa. Na ukimjua mtu mwenye panya mwingine mzee aliyebaki peke yake, huyo ndiye wa kumfikiria kabla ya watoto: wazee wawili wanataka kitu kimoja, nacho ni mahali laini pa kulala pamoja.

Wale vijana wawili nao wanabaki na wenzao, hawajapoteza kitu. Endelea kumpima mzee kila wiki, mwekee kitambaa chenye joto chini ya kitanda chake, na umpe muda wako zaidi saa za jioni anapoamka.